Kufuli la Simu ya Shangazi Mize

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mtu akinunua simu, akapewa risiti, akaitia mfukoni, je, simu ile ni yake? Watu wenye akili timamu hulala na simu zao bila ya kuziuliza maswali. Mimi nilikaa na swali langu siku nne. Nililigeuza huku na kule, nikalichorea jedwali. Nina shahada ya biashara, na chuoni nilisoma somo moja la haki za mlaji, nikapata B. Ile B ndiyo iliyoniponza. Mwenye C angeipeleka simu kwa fundi na mambo yakaisha.

Nyinyi mlionipigia wiki hii mkimtaka Mbarouk, mkapokewa na mwanamke aliyewauliza nyinyi ni watoto wa nani, kisha mkajaa kwenye kundi letu la mtandaoni kuuliza kumetokea nini, haya ndiyo majibu yenu. Yule ni shangazi yangu, Bi Mize. Anakaa Fundo, kisiwa kidogo mbele ya Wete, Pemba.

Binti yake, Zuwena, ameolewa Maskati. Alipopata mimba alinitumia fedha nimnunulie mama yake simu ya kioo, ili mtoto akizaliwa bibi amwone uso siku ile ile. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa kuwa nimesoma. Nikachora jedwali la safu kumi na nne: betri, kioo, kamera, uzito, hata rangi. Nikaipata ofa ya kampuni moja, simu nzuri kwa nusu ya bei. Katika safu zangu kumi na nne haikuwamo hata moja ya kuuliza kama mtandao wa kampuni hiyo unashika Fundo.

Haushiki. Na simu ilikuwa imefungwa, haikubali laini ya kampuni nyingine kwa miezi sita. Hayo yaliandikwa kwenye mkataba kwa herufi za ukubwa wa kunguni mchanga, nami nikatia saini chini yake, kwa niaba ya shangazi, kwa kalamu nzuri.

Shangazi hakulalamika. Kitochi chake cha zamani cha vitufe, chenye laini inayoshika Fundo, kilikuwa kimeshaanguka kisimani, ikapona laini peke yake, kwa hiyo kila alipotaka kumsikia mwanawe alikwenda kusimama juu ya jabali moja mwisho wa kisiwa, ambako simu ilipata kijiti kimoja cha mtandao. Maji yakijaa, jabali halifikiki. Miezi sita nikamwambia asubiri, itafunguka. Miezi sita ikapita, haikufunguka. Zuwena akaingia mwezi wa tisa, na mtoto hangojei maji yapwe.

Zuwena sikumwambia kitu. Safu hiyo pia haikuwamo kwenye jedwali.

Madungu hadi dukani

Hatua ya kwanza ya safari ilikuwa ya dakika kumi kwa miguu, kutoka kwetu Madungu hadi duka la kampuni hapo mjini Chake Chake. Ilinichukua asubuhi nzima kwa sababu nilirudi nyumbani mara mbili, mara moja kuchukua risiti na mara moja kuhakikisha kwamba risiti niliyoichukua ndiyo yenyewe.

Binti wa kaunta aliusoma mkataba akitabasamu.

"Kaka, haijifungui yenyewe."

"Lakini imeandikwa, baada ya miezi sita kufuli litaondolewa."

"Litaondolewa, ndiyo. Sisi hapa hatuondoi. Nenda makao makuu, Dar. Na mwenye laini aende mwenyewe, wanataka kidole chake kwenye mashine."

"Hawawezi kufanya kwa simu?"

"Wanaweza," akasema. "Ila simu yenyewe si imefungwa?"

Nje ya duka, chini ya ngazi, yupo fundi mwenye meza ndogo na kompyuta isiyo na kifuniko. Aliitazama simu kwa jicho moja.

"Nusu saa naifungua. Ikifa, imekufa."

"Hufa mara nyingi?"

"Aa, hufa mara moja tu."

Hapo ndipo siku zangu nne zilipoanza. Kama simu ni yetu, fundi ni halali. Kama kufuli bado ni lao, je, kulivunja si kuvunja ahadi niliyoitia saini? Na ikifa mkononi mwa fundi, nani atakuwa ameiua? Siku ya tano nikavuka kwenda Fundo kumwomba shangazi kidole chake.

Fundo hadi Mkoani

Nilimkuta kibarazani anasokota kamba za makumbi ya nazi, kazi aliyoifanya tangu msichana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Ishafunguka?"

"Bado. Wanataka twende Dar, mimi na wewe."

Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya kumshawishi, yenye sehemu tatu. Sikufika ya kwanza. Aliweka kamba chini, akaingia ndani, akatoka na mkoba uliokwishafungwa.

"Umejuaje kwamba tutasafiri?"

"Nimekujua weye. Jambo likiwa na njia fupi na ndefu, weye hushika ndefu."

Tulivuka kwa boti ya mashine hadi Wete, ambako alinunua halua pakacha zima. Nikamuuliza ya nani.

"Ya hao wenye simu."

"Shangazi, ile ni kampuni. Kampuni haipelekewi halua."

"Hakuna watu ndani?"

"Wapo."

"Basi siendi kwa watu mikono mitupu nikawaambie nipeni haki yangu. Wataniona sina kwetu."

Wenzangu, kumbukeni jambo hili, kwa sababu halua haikuwa zawadi pekee aliyoibeba. Tulifika Mkoani alfajiri, tukapanga foleni ya meli, na askari wa geti akasimama mbele ya mkoba wa shangazi akavuta pumzi ndefu.

"Mama, humu mna nini?"

"Dawa ya meno."

Akafungua. Chini ya kanga mbili kulikuwa na mfuko wa karafuu kavu, safi, zenye vichwa vyote. Si chache. Kila mtoto wa Pemba anajua kuwa karafuu hazitoki kisiwani mikononi mwa mtu. Unalima, unachuma, unaanika, halafu mnunuzi ni mmoja tu, serikali. Kuzivusha maji bila ya ruhusa ni magendo.

"Una meno mangapi, mama?" askari akauliza.

"Yamebaki saba."

"Hizi ni dawa ya meno ya kijiji kizima."

"Ni zawadi, mwanangu. Zangu mwenyewe, mikarafuu yangu ya Wawi. Naenda Dar kudai simu yangu ifunguliwe."

Askari akanigeukia. Nikaanza kueleza mkataba, kipengele kwa kipengele, na nilipofika kwenye uhuru wa mlaji kuchagua mtoa huduma, yule askari akainua mkono.

"Ngoja. Simu yenu imefungwa kwa mtu mmoja, nyinyi hamtaki. Na karafuu?"

Swali hilo nimelichorea jedwali. Mpaka leo safu yake ya jawabu ni tupu. Tulipelekwa chumba cha pembeni, karafuu zikaingia kwenye mizani, jina la shangazi likaingia kwenye daftari, tukapewa nasaha ndefu. Zilipochukuliwa, shangazi aliomba arudishiwe kumi za kutia kwenye chai. Askari akamhesabia kumi na mbili. Tulipotoka, meli ilikuwa imeshaondoka.

Tulikaa Mkoani siku nzima na usiku wake, nyumbani kwa mtu ambaye shangazi aliwahi kumsukia kitanda kwa kamba zake miaka mingi nyuma. Walitupikia muhogo kwa samaki wa nazi. Mimi nilikula kidogo, kwa sababu nilikuwa nafikiria kama daftari la bandari linasomwa na waajiri.

Baharini

Meli ya siku ya pili ilichelewa saa mbili na hakuna aliyetuambia sababu. Nilikaa nimeshika mfuko wa plastiki niliopewa na mhudumu, nikiutazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Shangazi alikuwa mzima kabisa. Alikuwa akiongea na jirani yake wa kiti, mzee mmoja aliyevaa kofia yenye rangi za chama chake, na wakati mmoja nikamsikia akisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu:

"Miye hawa n'shachoka nao. Wamenifunga miezi sita, hawanisikilizi. Nikifika Dar nahamia kwengine, liwalo na liwe."

Mzee aliivua kofia. Akatazama nyuma, akatazama mbele, akamwinamia.

"Bi mkubwa, mambo kama haya hayasemwi kwenye meli. Kwenu nyote mmeamua?"

"Sote Fundo. Kule hawashiki hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Mpaka upande juu ya jabali."

Nilitaka kumweleza mzee kwamba shangazi anazungumzia simu, lakini ndipo mawimbi ya mkondo yalipotukamata na mfuko wangu ukapata kazi. Nilipoinua kichwa mzee alikuwa amehamia safu ya mwisho, akimnong'oneza mwenzake mwenye kofia kama yake. Ikiwa mwaka huu mtasikia kuwa Fundo kumebadilika upepo wa siasa, chanzo mnakijua.

Unguja tulishuka, tukanywa uji wa pilipili manga, tukapanda meli nyingine. Muuza uji alimsikia shangazi maneno mawili tu akasema, "Wapemba hao." Shangazi akamjibu kwamba wapo, na uji wake una maji.

Dar es Salaam

Makao makuu ni jengo la vioo lenye baridi kuliko msimu wowote wa kwetu. Tulichukua karatasi yenye namba, tukakaa. Mbele yetu walikuwa watu arubaini na kitu. Shangazi akajifunika kanga ya pili, akasubiri kidogo, kisha akafungua pakacha.

"Karibuni," akawaambia watu wote. "Halua ya Wete hii."

Nilitamani kiti kinimeze. Lakini watu walikula. Mlinzi alikula. Kaka mmoja aliyevaa tai, ambaye muda wote alikuwa akiguna kwa hasira, alikula vipande vitatu akaulizia kama inapatikana Kariakoo. Foleni ikawa kama hitima, na shangazi akaanza kuwauliza mmoja mmoja kilichomleta.

"Mimi simu yangu wameifunga," akasema dada mmoja wa Tabora. "Muda umekwisha, haifunguki."

"Nani mwengine kafungiwa?" shangazi akauliza, vidole vikinata halua.

Mikono kumi na moja ikainuka. Niliihesabu mara mbili. Miezi sita mizima nilidhani ni mimi peke yangu niliyekosea, ni mimi mjinga wa herufi ndogo, na hapa palikuwa na mikono kumi na moja, mmoja wa yule kaka mwenye tai.

Namba yetu ilipoitwa tukamkuta kijana mpole, kwenye kifua chake kibandiko kimeandikwa Baraka. Kwanza kidole. Mashine ilikikataa kidole gumba cha shangazi. Ikakataa cha shahada. Ikakataa mkono wa pili.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

"Nasokota kamba, mwanangu. Miaka arubaini. Alama zangu zimo kwenye kamba, ukizitaka zifuate Fundo."

Kidole cha mwisho, kile kidogo cha kushoto, mashine ikakikubali. Baraka akasoma kwenye kioo chake kwa muda.

"Bibi, simu ni yako. Ila kufuli ni mali ya kampuni, na kuna utaratibu wa kuliomba."

Hapa nilivuta pumzi kutoa hotuba yangu. Nilikuwa nayo, kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono. Shangazi akanigusa goti chini ya meza.

"Sikiliza, Baraka," akasema. "Miye nina mikarafuu mitatu Wawi. Ardhi si yangu, ya watu. Miti yangu, niliachiwa na babangu. Kwetu ndivyo tulivyo, mti wa huyu, ardhi ya yule. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, bibi."

"Mwenye ardhi ana haki na ardhi yake. Analima muhogo wake chini, miye simgombezi. Lakini msimu ukifika, hajapata kunizuia kupita kwenda kwenye mti wangu. Akinizuia, kijiji kizima kitamwambia: mzee, hii si haki. Mti bila ya njia si mti. Sasa weye unaniambia simu yangu, kufuli lako. Sawa. Liweke kufuli lako unapotaka. Njia yangu nipe."

Baraka akaisukuma kibodi pembeni. Nyuma yetu yule dada wa Tabora akasema, "Mwambie, bibi." Nilizikunja kurasa zangu mbili nikazitia mfukoni. Katika somo zima la haki za mlaji hakuna mtu aliyewahi kunieleza vizuri namna ile, na nilipata B.

Baraka akaenda kumwita mkubwa wake, mwanamke wa miwani, akaja akasoma mkataba na herufi zake za kunguni. Akakubali. Muda umekwisha, hakuna tunachodaiwa, kufuli litaondolewa. Na akaahidi kuwasikiliza wale kumi na moja wote pamoja, kwa sababu walikuwa wameshasimama nyuma yetu.

"Namba ya kufungulia mtaletewa kwa ujumbe," akasema. "Ndani ya siku kumi na nne."

"Kwa ujumbe wa wapi?" nikauliza.

"Kwenye laini yetu, ndani ya simu hiyo hiyo. Iwe inawaka na iwe kwenye mtandao muda wote. Ujumbe ukikosa kufika, ombi linafutika, mnaanza upya."

Nikamtazama shangazi. Shangazi akamtazama yule mama wa miwani, kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Mwanangu," akasema, "kwetu mtandao wako haushiki. Ndiyo tuliyokuja kukwambia."

Yule mama akavua miwani. Alituonea huruma kweli, nadhani. Lakini mfumo, akasema, ni mfumo.

Kurudi Wete

Njia nzima ya kurudi nilichora majedwali kichwani. Simu ikae wapi siku kumi na nne? Madungu mtandao wa kampuni unashika vizuri. Basi simu ikae kwangu. Shangazi je? Akae kwetu Madungu? Ana kuku, ana kamba za watu, na mtoto akizaliwa anataka kuwa nyumbani kwake, majirani waje wamwone. Zuwena ampigie kwa nani? Kwa jirani? Kila nilipofika hapo nilizunguka nikaanza upya, na kulikuwa na safu moja niliyokuwa nikiiruka kila mara, kama mtu anayeruka ngazi iliyooza.

Tulifika bandari ya Wete Ijumaa mchana. Maduka yote yamefungwa kwa sala, na boti ya Fundo nahodha wake anatuharakisha kwa sababu maji yanakupwa. Shangazi alikuwa ameshapanda. Akaketi na pakacha tupu miguuni.

"Shangazi," nikasema kutoka ufukweni. "Nina jambo. Zuwena sijamwambia kwamba simu ilifungwa."

"Anajua. N'limwambia siku ya pili, juu ya jabali."

"Anajua? Miezi yote hii?"

"Alitaka kuleta nyingine, n'kamkataza. Hii mbovu? Si mbovu. Imefungwa tu. Akasema basi tumwache Mbarouk afikiri, akichoka atafanya."

Nahodha akawasha mashine.

Mkononi mwangu wa kushoto nilikuwa na simu ya shangazi, mpya, yenye kufuli. Mfukoni nilikuwa na yangu. Kioo chake kina ufa, lakini kinaonyesha picha, na ina tundu mbili za laini. Moja ilikuwa tupu. Laini yangu, ya kampuni nyingine inayoshika Fundo, ndiyo namba niliyoiandika kwenye maombi ya kazi ishirini na tatu. Kuitoa na kubaki nayo mfukoni kusingenisaidia kitu, simu yenye kufuli isingeikubali, na hiyo ndiyo safu niliyokuwa nikiiruka tangu Madungu. Simu ilikuwapo siku zote. Sikutaka tu iwe yangu.

"Shangazi, ile laini yako ya kitochi unayo?"

Akafungua fundo la kanga, akaitoa. Nilikwenda hadi kwenye maji, viatu na vyote, nikaitia laini yake kwenye tundu tupu, nikaiacha yangu palepale, nikaiwasha. Vijiti vinne. Nikampa.

Hakuipokea mara moja. "Weye unangoja kazi."

"Najua."

"Mbona hukufikiri kwanza?"

"Nimechoka."

Akacheka mpaka nahodha naye akacheka. Akaitia simu kifuani, akaiweka sawa kwa kidole kile kidogo cha kushoto. Boti ikaanza kurudi nyuma.

"Na hao wenye kazi wakipiga?" akapaza sauti juu ya mashine.

"Pokea!"

"Niwaambie nini?"

Maji yalikuwa yamenifika magotini na sikuwa na jedwali lolote.

"Waambie nipo," nikamjibu. "Na waulize ni watoto wa nani."